Papa wa Fono na Miguu ya Watu

Mtaani kwetu Kindu kulikuwa na mzee mmoja aliyejua kila mmoja wetu ni muziki wa nchi gani. Hakuwa akitania. Ulipita mbele ya barza yake na kapu la soko kichwani, yeye ameketi na chai yake, akakutazama miguu wala si uso, na siku ambayo hukuitarajia alikuita akakupa hukumu: wewe ni bolero, wewe ni valsi, wewe ni kalipso. Hukumu hiyo haikuwa na rufaa. Tulimwita Papa wa Fono kwa sababu ya fono yake, mashine ya kupigia santuri ambazo sisi tuliziita diski, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake la kwenye kitambulisho nadhani hata yeye alilitumia kwa shida.

Mtu mmoja tu alimshinda, na mtu huyo alikuwa mke wake. Mzee alikula sombe yake, yale majani ya muhogo ya kutwanga, alivaa mashati aliyoyapiga pasi yeye, alimtazama miguu miaka nenda miaka rudi, na asijue ampe muziki gani. Lilimkera jambo hilo. Wengine tulicheka, tukaona ni mchezo wa mzee mwenye diski nyingi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwake halikuwa mchezo hata kidogo.

Alikozaliwa Papa wa Fono na ukoo wake sitaandika, sikumwuliza. Nilimkuta kwenye avenyu ile nilipokuja kama bibi arusi, ukuta wa jiko langu ukipakana na ua wao, nami nikadhani alikuwa pale tangu mto Lualaba uanze kupita.

Kazi yake ilikuwa telegrafu, kwenye stesheni ya reli. Siku nzima alisikiliza milio, mifupi na mirefu, akaigeuza kuwa maneno. Alituambia kwamba mtu anayepiga telegrafu hawezi kujificha, mkono wake unamtaja. "Ule wa stesheni ya Kibombo anapiga sawa muntu mwenye kulala vibaya," alisema. "Sijamuona hata siku moja, lakini akigombana na bibi yake, miye njo wa kwanza kujua." Basi akiwa ameketi kwenye barza yake aliendelea na kazi ile ile, ila sasa badala ya mkono alisikiliza mguu. Wenzake stesheni waliona amerukwa na akili kidogo. Nami niliona hivyo, mpaka aliponipata.

Diski zilimfikia kwa njia mbili zinazokutana Kindu, reli na mto. Madereva wa treni walimletea kutoka Kalemie na Lubumbashi, mabaharia walimletea kutoka upande wa Kisangani, naye aliwajibu kwa mchele wa hapa kwetu na samaki wa kukaushwa. Sanduku moja kubwa alilipata wakati maduka ya wageni yalipochukuliwa na kupewa wananchi. Mgiriki mmoja wa sokoni alifunga virago, na kabla ya kupanda treni alimwachia diski zake zote, pamoja na nyimbo za kwao ambazo hesabu yake ina mguu mmoja wa ziada. Papa wa Fono alizipiga mara nyingi akijaribu kuukamata mguu huo. Hakuukamata, na alisema wazi kwamba hakuukamata.

Jumapili, baada ya makanisa kutoka, alitoa meza nje, akaweka fono juu ya kitambaa alichokishona mkewe, akaanza. Haikuwa baa, hakuuza bia. Ulikuja na kiti chako au ulisimama. Alianza na rumba ya kwetu kila mara, akasema huo ni mlango wa nyumba na mtu hatoki nyumbani kwa kupitia dirishani. Baada ya hapo tulisafiri. Alitaja nchi, akataja chombo kinachotawala, filimbi au kodiani au tarumbeta, halafu akanyamaza, akaweka sindano, akatuacha. Wimbo ulipokwisha alisema, "Sasa, nani kati yetu?"

Ndivyo alivyotufundisha muziki wa dunia, kwa kuutafutia mwenyewe mtaani. Sijui kama ni njia nzuri ya kufundisha. Najua kwamba mpaka leo sijasahau hata mmoja.

Kalipso, kwa mfano, ilikuwa ya mama muuza mawese wa pembeni ya avenyu. Mama huyo alijua siri za watu wote na alizisema hadharani, kwa sauti ya kuimba, huku akicheka, hata mwenye siri alijikuta anacheka naye. Papa wa Fono alieleza kwamba kule Trinidadi, kisiwa cha mbali, mtu akitaka kumsema mkubwa anamtungia wimbo wa kuchekesha. Mkubwa akikasirika, amekubali kwamba ni kweli. Basi anatabasamu na anasemwa. Mama wa mawese alisikiliza, akainamisha kichwa kwa heshima. "Hawa watu njo ndugu zangu," alisema. Kesho yake kila mtu aliyenunua mawese alisimuliwa habari za ndugu zake wa Trinidadi.

Kulikuwa na mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka na lori, Mkristo wa kusali hata kabla ya kunywa maji. Alikuja Jumapili moja kwa adabu tu, akakaa mwisho. Papa wa Fono akapiga diski ya wachunga ng'ombe wa Amerika, ile ya gitaa linaloteleza na kulia, mwanamume anaimba puani kuhusu barabara na mama yake. Hakuna aliyeelewa neno. Lakini yule wa Butembo alivua kofia. Alipoulizwa, alisema hapa Kindu kuna joto sana, na kwamba kwao asubuhi mtu anaona moshi wa jiko la mama yake kutoka mlima wa pili. Papa wa Fono akasema, "Njo hii. Huu ni muziki wa muntu mwenye gari na hana kwao karibu." Tangu siku hiyo lori lake lilipotoka milimani lilituletea maharagwe.

Rege alimpa mchimbaji mmoja wa migodi ya Kalima, kijana mrefu aliyekuja mwisho wa mwezi kumwona dada yake. Huyo alitembea kwa kuchelewa. Ulikuwa unaona mguu umeinuliwa, unaungoja utue, hautui, umeshakata tamaa ndipo unatua. "Muziki hii inachelewa kwa kupenda," alieleza Papa wa Fono. "Pale unangojea muguu, hakuna muguu. Gitaa inajibu kwanza." Kijana akauliza kama hilo ni tusi. Tulimwambia hapana, naye akaanza kuchelewa zaidi.

Mume wangu alikuwa rubani wa kivuko, kile kilichovusha watu na magari kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto. Alipewa tango, na hakuna aliyebisha. "Bwana yako, Mama Zawadi, umuangalie," Papa wa Fono aliniambia. "Anatembea, anasimama gafla, anageuka bila kukuambia, anatembea tena. Tango iko muziki ya bandari. Watu ya bandari wanaaga kila siku, njo maana wanashikana sana." Mume wangu alicheka, akanishika kiuno mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya kabla ya hapo. Nilimpenda Papa wa Fono kwa sababu hiyo peke yake.

Kisha akanipata mimi. Nilipita na ndoo, nina haraka, nikiwagombeza watoto njiani, akaniita. "Mama Zawadi, nimepata. Weye ni polka." Nikauliza polka ni nini. Akaipiga. Ni muziki wa Wazungu wa vijijini, kodiani mbio mbio, watu wanarukaruka kana kwamba sakafu inaunguza. Majirani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejipangia bolero, kitu cha polepole chenye heshima, na hapa nimepewa kelele. Nilinuna wiki nzima, kwa haraka, nikitembea huku na huko, jambo ambalo bila shaka lilithibitisha hukumu.

Nakumbuka kitu kimoja zaidi kuhusu polka yangu. Kabla ya siku ile, kila nilipopita alinitazama miguu kwa makini, na nilizoea macho yale. Baada ya siku ile hakunitazama tena. Alinisalimu vizuri, aliniuliza habari za watoto, lakini macho yalikuwa yamehamia kwa mwingine. Nilishangaa kwamba jambo hilo liliniuma kidogo.

Watu walimpenda, lakini asifikiriwe kuwa alikuwa shujaa. Ilikuwa miaka ya Chama kimoja, miaka ya kuitana sitwayen, yaani raia, ya kuvaa koti la abakosti na kuacha tai, na amri zilishuka kutoka juu kwamba tuache vya kigeni turudi kwenye vyetu. Mjumbe wa Chama wa mtaa wetu, mtu mnene asiyekuwa mbaya kwa tabia, alikuja Jumapili moja, akasimama mbele ya meza na mikono nyuma.

"Sitwayen, hapa munapiga muziki ya wakoloni."

Papa wa Fono alisimama. "Sitwayen mujumbe, hii ni cha-cha-cha. Wakubwa yetu walibebwa na mashua za watumwa, ngoma iko ndani ya tumbo yao. Kule ikazaa. Huyu ni mutoto ya hapa, amerudia nyumbani, ila anavaa viatu."

Mjumbe alifikiri. Alikuwa mchezaji mzuri wa cha-cha-cha, tulimjua. "Na merenge?"

"Ndugu yake."

"Tango?"

Papa wa Fono alimtazama mume wangu. "Tango pia, sitwayen. Hata jina yake, wanasema ni ya watu weusi."

"Valsi? Polka?"

Papa wa Fono akazitazama diski zake, kisha akasema, "Hizo tutaziweka pembeni." Akaziweka kweli, chini ya kitanda, na hakuzitoa mpaka amri zilipolegea zenyewe. Kwa hiyo mimi nilipigwa marufuku na serikali kwa muda, na mume wangu akaruhusiwa. Alinitania kwa hilo mpaka kufa kwake. Na kuanzia siku hiyo kila Jumapili ilifunguliwa na wimbo wa Chama, na Papa wa Fono alipiga makofi ya kumsifu Kiongozi kwa nguvu kuliko sisi sote. Niliwahi kumwuliza kama aliamini. Akaniambia ana mke na stesheni, asiulizwe.

Sasa mke huyo. Sisi tulimwita Mama Kwaya, kwa kuwa aliongoza waimbaji wanawake kanisani kwao, Waprotestanti. Alikuwa mwembamba, mpole wa maneno, mkali wa macho. Alitembea kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala, usiweze kusikia unyayo. Hapo ndipo mumewe aliposhindwa. Mguu usiosikika hausomeki.

Diski alisema ni mambo ya dunia. Jumapili fono ilipoanza, yeye alisalimia wageni, akaingia ndani, akapitiliza mpaka jikoni nyuma ya nyumba kutwanga sombe, maana watu wale wote mwishowe watataka kula. Hakuketi barzani hata mara moja. Lakini ni yeye aliyezitunza. Unyevu wa Kindu huotesha ukungu juu ya kila kitu, viatu, Biblia, na diski zaidi. Kila mwezi alizitoa zote, akaziosha kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, akazianika kivulini zikiegemea ukuta. Mimi nilimsaidia kufuta. Nilimwuliza mbona anaosha dhambi. Akajibu kwamba uchafu haukai ndani ya nyumba yake, uwe wa dhambi, uwe wa nini.

Papa wa Fono hakuchoka kumjaribu. Alinunua diski akiwa na yeye kichwani. Alimpigia muziki wa Wamarekani weusi, ule uliotoka kanisani ukaenda kulia mambo ya mapenzi, akidhani kwaya itaisikia kwaya. Mama Kwaya alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, kwa haki, akasema, "Sisi tunaimba vizuri kupita hawa." Alimpigia taarabu, kwa sababu mama mzazi wa mkewe aliishi karibu na Waislamu wa Kasongo. Alimpigia nyimbo za Ureno za wanawake wanaolia dirishani. Akampigia samba, hailaifu ya Ghana yenye tarumbeta nzuri, bigini ya Martiniki. Baada ya kila moja alimtazama miguu akivuka ua kurudi jikoni, kisha akarudi kwenye kiti chake. "Haiko hii," alijisemea.

Na kulikuwa na jambo lingine lililomsumbua upande wa pili. Miziki yote ilipata wenyewe, isipokuwa mmoja. Cha-cha-cha, ambayo ndiyo aliyoipenda kuliko zote, ile aliyoitetea mbele ya mjumbe, haikuwa na mtu. Kila mtu aliicheza. Mbili za polepole, tatu za haraka, hata mtoto anaijua. "Lakini kucheza haiko kuwa," alisema. "Mwenyewe sijamuona. Labda hayuko Kindu."

Mume wangu alikufa kwa homa, msimu wa mvua. Sitasema mengi. Nilivaa nyeusi, nikakaa chini, na watu walikuja na kuondoka, na sikumbuki sura zao. Desturi ya avenyu yetu, ambayo Papa wa Fono alikuwa amechangia kuijenga, ni kwamba siku ya kuondoa matanga diski ya marehemu inapigwa, na mfiwa anakanyaga wa kwanza. Mpaka akanyage, hakuna anayecheza, hakuna anayekunywa. Ndivyo mtu anavyotoka kwenye kilio. Asiyekanyaga bado yuko chini.

Nilikataa. Nilimwambia Papa wa Fono kwamba tango haichezwi na mtu mmoja. Alikuwa amebeba fono mwenyewe, tai hakuna, abakosti imepigwa pasi, jasho linamtoka. Aliinama kwangu nilipokuwa nimeketi. "Mama Zawadi, muguu yake iko ndani ya ile diski. Weye kanyaga yako. Yake itakuja." Nikasimama. Nilicheza tango na nafasi tupu mbele yangu, nikilia waziwazi, na pale muziki uliposimama ghafla nilisimama, na pale ulipogeuka niligeuka, na kwa muda mfupi nilijua kabisa mume wangu angekuwa amekanyaga wapi. Nikamaliza. Watu wakaanza kucheza. Tangu siku ile sikumcheka tena Papa wa Fono.

Ni baada ya hapo, nikiwa peke yangu jikoni siku za Jumapili kwa kuwa sikuwa na hamu ya watu, ndipo niliposikia. Mbele ya nyumba ile fono ilikuwa inapiga sijui nini. Nyuma, upande wangu wa ukuta, Mama Kwaya alikuwa anatwanga sombe. Puu, puu, pu-pu-pu. Puu, puu, pu-pu-pu. Nilikuwa nimeusikia mchi ule tangu nilipoolewa, kila Jumapili, bila kuusikiliza. Mbele wanapiga valsi, yeye mchi wake uko kwenye cha-cha-cha. Mbele wanapiga samba, yeye hana habari. Hakupotea hata mara moja.

Nilizunguka ukuta, nikasimama mlangoni pa jiko lake. Hakunisikia. Na chini ya kitenge, ule mguu usiosikika ulikuwa unaenda mbele na kurudi.

"Mama," nilisema, "weye njo cha-cha-cha."

Aliruka, mchi karibu umponyoke. Alinitazama kwa yale macho makali, kisha akacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, akajifunika mdomo kwa kitambaa.

"Najua," alisema. "Tangu zamani najua."

"Sasa mbona humuambii? Yule mzee anateseka."

Akafikiri, huku akikusanya majani yaliyoruka nje ya kinu. "Mama Zawadi, umuangalie vizuri bwana yangu. Akikosa muziki ya muntu, anamuangalia kila siku. Akimupata, kwisha. Muache atafute. Akipata, ataacha kuniangalia."

Nilikumbuka polka yangu. Aliniomba ninyamaze na nikanyamaza. Kila Jumapili baada ya hapo, Papa wa Fono alipouliza "Nani kati yetu?" baada ya cha-cha-cha na watu kutazamana, mimi nilitazama chini, na kutoka nyuma ya nyumba, chini kabisa ya makofi na maneno, mchi ulikuwa unamjibu. Yeye aliyesikia mkono wa mtu wa Kibombo hakuusikia. Mbele kulikuwa na kelele yake mwenyewe.

Miaka ikapita, na nchi ikachoka. Waya za telegrafu zilikatika na hazikuungwa. Treni ilikuja ilipotaka. Betri za fono zikawa adimu, Jumapili zikapungua, mchimbaji wa Kalima hakuonekana tena, na yule wa Butembo alirudi milimani kwake. Papa wa Fono alistaafu bila mtu kumwambia kwamba amestaafu. Aliketi barzani na chai, akimtazama mkewe akipita.

Mama Kwaya aliugua kifua, akalala muda mrefu, akafa. Kwaya yake ilimwimbia vizuri sana. Mabinti zake, walipogawa vyombo, waliniletea kinu na mchi wake, wakisema mama aliagiza.

Wiki ya kuondoa matanga, asubuhi, nilikuwa natoa vijiti kwenye majani ya sombe nilipomwona Papa wa Fono amesimama mlangoni kwangu, kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Hakuwahi kufika jikoni kwangu kabla ya siku hiyo.

"Mama Zawadi, nimekuja, lakini naona haya," alisema. "Jumamosi tunaondosha matanga. Ndugu za bibi yangu wanatoka Pangi. Wataniambia nikanyage wa kwanza. Nitakanyaga nini?"

"Diski zote ziko kwako, Papa."

"Nimezipiga zote. Nilitafuta betri mpaka stesheni. Hata moja haikuniambia kama njo yeye. Watu wote ya avenyu niliwapatia yao." Aliigeuza kofia mkononi. "Bibi yangu nimuage na diski ya muntu mwingine? Basi afadhali nikae chini mpaka nife."

Nilimpa kigoda, akakaa. Nilivuta kinu cha mkewe, nikatia majani, nikashika mchi. Ahadi niliyoitoa niliitoa kwa mtu aliyetaka kutazamwa, na mtu huyo alikuwa ameshazikwa. Nikaanza kutwanga kama alivyotwanga yeye. Puu, puu, pu-pu-pu.

Mwanzoni aliendelea kuongea, habari za wageni na wapi watalala. Kisha maneno yakapungua. Kisha akainua mkono mmoja, kidole kimoja juu, kama alivyofanya akisikiliza sindano ikishuka.

"Nani alikufundisha kutwanga vile?"

"Mwenye kinu."

"Tangu lini?"

"Tangu nilikuja hapa, Papa, alikuwa anatwanga vile. Kila Jumapili. Weye uko mbele na watu."

Mchi uliendelea. Baadaye akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Na alijua?"

"Alijua."

"Sasa mbona..."

Nikasimamisha mchi, nikampa maneno ya mkewe kama alivyonipa mimi, bila kupunguza. Akipata, ataacha kuniangalia.

Papa wa Fono aliitazama miguu yangu, mara ya kwanza tangu ile polka. Kisha akanitazama usoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Iko kweli," alisema. "Njo vile niko. Weye nilikuambia polka, sikukuangalia tena. Alinijua." Akautazama mchi. "Leo nimemupata, Mama Zawadi. Sasa nitaangalia nini?"

Majani yalikuwa hayajalainika, nikashika mchi nikaendelea. Jumamosi ilikuwa bado, wageni wa Pangi walikuwa bado njiani, lakini yeye aliweka kofia yake juu ya kigoda, akasimama pale kwenye sakafu ya udongo, akakanyaga.